Noah ya zamani iliyochemsha au Noah mpya isiyochemsha? Tulivyochagua Mwanza

Shemeji yangu alikuwa na gari mbili kichwani na pesa ya gari moja mfukoni. Ya kwanza ni Noah ya umbo la zamani, SR40 ya petroli, namba C, mali ya mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Nyegezi. Ya pili ni Noah ya umbo jipya, AZR60, namba D, imeegeshwa kwa dalali Nyakato, imeng'arishwa mpaka matairi. Ya mzee ilitajwa milioni 11 na nusu, ya dalali milioni 16. Shemeji anataka kupiga kazi ya abiria wa kukodi na mizigo midogo kati ya Mwanza na Sengerema, na aliniuliza kitu kimoja tu: "Shem, ipi haitanichemshia njiani?"

Zamani njia hiyo ilikuwa na mapumziko ya lazima. Unafika Kigongo, unazima injini, unanunua mahindi ya kuchoma, unasubiri kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za juu ya maji unazimaliza kabla hata hujamaliza wimbo mmoja redioni, na injini haipumziki tena katikati ya safari. Gari ambayo ugonjwa wake ulikuwa unafichwa na foleni ya kivuko, sasa hivi inaumbukia ng'ambo.

Jibu nalitoa mapema ili usomaji uwe na faida: tulichukua ile iliyochemsha mbele ya macho yetu, tukaiacha ile ambayo mshale wa temprecha haukutikisika hata kidogo. Ndugu waliosikia walituona hamnazo. Mke wa shemeji, ambaye ni dada yangu, alinipigia saa 3 usiku kuuliza kama tumerogwa.

Kuchemsha si ugonjwa mmoja

Kwenye kijiwe chochote cha mafundi, ukisema "gari inachemsha" kila mtu ana dawa yake. Mmoja atasema rejeta, mwingine gasketi, wa tatu atakuambia utoe themostati. Lakini ukinunua gari unahitaji kugawa mambo mafungu mawili tu.

Fungu la kwanza ni gari ambayo moto wake ni wa kawaida, tatizo ni kwamba hautoki. Rejeta inayopoza maji ya injini imeziba, feni haizunguki, themostati (kilango cha maji kinachofunguka kwa joto) imekwama, mapanga ya pampu ya maji yamelika, mfuniko wa rejeta umechoka. Haya yanafungwa na kufunguliwa kwa spana, na ukienda dukani unaijua bei kabla hujaanza kazi.

Fungu la pili ni gari ambayo moto umeingia usikotakiwa. Gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo cha kati ya kichwa cha injini (hedi) na mwili wake (bloku), imeungua, au hedi yenyewe imepinda au ina ufa, na gesi ya mlipuko inapenya kwenye njia za maji na kuyasukuma nje. Hapa unashusha hedi, na ukishaishusha hujui utakuta nini. Hedi za gari hizi ni za aluminiamu. Toyota kwa injini kama 3S, iliyo kwenye SR40 ya mzee, inakubali hedi ipinde milimita 0.05 tu upande unaokaa kwenye bloku, ambayo ni chini ya unene wa unywele wa kichwa. Kuchemsha kukali mara moja, dereva akakaza moyo kumalizia safari, kunatosha kuvuka kiwango hicho.

Fungu la kwanza likiachwa huzaa la pili. Kwa hiyo mbele ya gari ya mkononi swali lenye maana ni: ugonjwa umeishia kwenye rejeta, au umeshafika kwenye hedi? Mshale wa dashibodi hauwezi kukujibu hilo.

Wa kwanza kukaguliwa ni muuzaji

Tulipiga simu kote kuwili usiku uliotangulia, maneno yaleyale: "Tunakuja saa 12 na nusu asubuhi, tafadhali gari isiwashwe mpaka tufike."

Kwa mzee tulikuta boneti ina umande. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa, na mzee mwenyewe akafungua boneti kabla hatujaomba. Kwa dalali tulikuta gari inanguruma. "Nimeipasha kidogo, kaka, msije mkapoteza muda wenu." Niliweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto kama pasi. Tukamshukuru, tukasema tutarudi Jumatatu. Jumatatu tukafika saa 12 kamili, nusu saa kabla ya muda tuliosema. Alikuwa bado anapiga mswaki.

Naomba usilione hili kama ujanja wa kitoto. Injini ya moto inaficha dalili nyingi za gasketi. Vyuma vikishapanuka vinabana ufa, maji yaliyokuwa yamechuruzika ndani ya silinda usiku kucha yameshachomwa na kutoka kama moshi, na mfuniko wa rejeta huwezi kuugusa. Ukiufungua wa moto, maji yaliyobanwa yanakurukia usoni, na hapo hutanunua gari, utapelekwa Bugando kwa matibabu.

Mfuniko, na habari ya mwinuko wetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo watu wa Dar es Salaam wanaweza kulipuuza na sisi hatuwezi.

Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, sufuria ya maji jikoni inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama pwani. Sasa tazama: themostati za petroli za Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na feni ya umeme huwaka mahali fulani kati ya 90 na 100. Yaani joto la kazi la injini na kiwango cha kuchemka kwa maji yaliyo wazi vimekaribiana mno huku kwetu. Kinachovitenganisha ni kifuniko kidogo cha bati chenye springi na mpira. Ukikuta kimeandikwa 0.9, maana yake kinazuia bar 0.9 juu ya hewa ya nje, na kwa mgandamizo huo maji ya Mwanza hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Ukiweka kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu unapata nyuzi kadhaa zaidi.

Mpira wa mfuniko ukikatika, gari inatema maji huku injini yenyewe haijafikia joto la kuidhuru. Dereva anaona mvuke, anaita fundi, fundi anatamka "gasketi", na hedi nzima inashushwa kwa kosa la kifuniko. Na kinyume chake kipo: mtu anaweka mfuniko wenye nguvu kuliko uliopangwa ili gari isiteme, kisha mgandamizo unatafuta pa kutokea kwenye hosi iliyozeeka.

Mfuniko wa mzee ulikuwa na mpira uliopasuka kama kisigino cha kiangazi. Wa dalali ulikuwa mpya kabisa, bado una ung'aavu wa dukani. Shemeji akaniangalia kwa furaha. Mimi nikaanza kuwa na wasiwasi.

Maji yana habari

Rejeta ya mzee ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yamepungua kama kikombe kimoja. Kutu tupu. Bloku ya 3S-FE ni ya chuma, na mzee alikiri kwamba kwa miaka anajaza maji ya bomba kutoka kwenye dumu. Maji hayo yana madini yake na hayana dawa ya kuzuia kutu. Yanajenga magamba ndani ya vijibomba vya rejeta kama yale yanayoganda ndani ya birika. Ni ubaya, lakini ni ubaya unaoonekana. Hakukuwa na utando wa mafuta juu ya maji. Stiki ya oili ilitoka na oili nyeusi ya kawaida, si ile rangi ya chai ya maziwa inayotangaza kwamba maji na oili vimeoana.

Ya dalali ilikuwa na kulanti ya waridi, safi, imejaa mpaka shingoni, na chupa ya akiba imesuguliwa ikarudi nyeupe. Ukiuliza jirani atakuambia hiyo ndiyo gari ya kununua. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Gari ya umri huo iliyotunzwa kweli ina chupa iliyopauka, yenye mstari wa madoa pale maji yanapoishia miaka yote. Chupa iliyosuguliwa na kulanti ya jana inaniambia kwamba kuna kitu kilioshwa. Nikaingiza kidole kwenye shingo ya rejeta nikapapasa ukingo wa ndani, kidole kikatoka na chembe za kijivu kama unga wa udongo. Hiyo ni dawa ya kuziba uvujaji, inayouzwa kwenye vichupa. Wengine hutumia ute wa yai, ni familia moja. Inaziba pale panapovuja kwa wiki kadhaa, na inaziba pia rejeta.

Ukikuta utando mweupe kama mayonesi kidogo chini ya kifuniko cha oili, usikimbie papo hapo. Gari inayotembea safari fupifupi bila injini kupata joto vizuri hutengeneza unyevu pale. Futa, endesha nusu saa, fungua tena.

Dakika mbili za kwanza

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mashine. Injini ya baridi, mfuniko umefungwa, mtu mmoja anawasha, wewe umeshika hosi paipu ya juu ya rejeta. Kwenye gari nzima, kwa dakika mbili za kwanza hosi inabaki laini, inabonyea kama mkono wa mtoto, kwa sababu maji hayajapata joto la kujenga mgandamizo. Ikiwa inakuwa ngumu wakati bado ni ya baridi, jiulize mgandamizo huo umetoka wapi. Joto bado halipo. Kilichobaki ni gesi ya silinda.

Ya mzee iliwaka kwa mshtuo mmoja, ikatulia. Hosi ilibaki laini. Lakini ilianza kupata uvuguvugu karibu papo hapo, ndani ya dakika tatu, na hilo nalo lina maana yake, nitalirudia.

Ya dalali iliwaka ikatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Silinda moja ilikuwa haichomi kwa sekunde kumi hivi, kisha ikachanganya, ikawa nzuri mno. Moshi mweupe ulitoka, ukaendelea hata bomba lilipokwisha kupata moto, na ukiinama unapata harufu tamutamu. Mvuke kidogo asubuhi ni wa kila gari, usiogope huo. Unakwisha baada ya dakika chache na hauna harufu. Hosi ya juu: kabla dakika mbili hazijatimia ilikuwa ngumu kama fimbo, na bado ya baridi mkononi. Nikamwita shemeji aishike mwenyewe. Hakusema kitu. Alikuwa ameshaipenda rangi yake.

Silinda inayosita asubuhi tu, halafu ikapona, mara nyingi imelala na maji juu ya pistoni. Kuna sababu nyingine pia, kama injekta inayovuja au koili iliyochoka, ndiyo maana hukumu haitolewi kwa dalili moja.

Themostati: kosa la mzee

Hosi ya mzee ilipata uvuguvugu mapema kwa sababu gari haikuwa na themostati kabisa. Nikamuuliza, akasema bila kificho: "Fundi aliitoa mwaka juzi, alisema nchi yetu ya joto haina haja nayo."

Maneno hayo yamezunguka Tanzania nzima na si kweli. Themostati inafanya kazi mbili: inabana maji mpaka injini ipate joto lake, kisha inaachia. Ikiwepo, hosi ya juu inabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla inakuwa ya moto. Ikitolewa, injini inatembea na ubaridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi, silinda zinalika haraka. Na kwa mnunuzi kuna baya zaidi: kuitoa ni njia ya kuficha rejeta dhaifu. Kwenye tambarare mshale unakaa chini, mnunuzi anafurahi, "gari haichemshi hii!" Ukiona mshale unashuka ukikimbia na kupanda ukisimama, uliza themostati iko wapi.

Uliza vilevile kuhusu feni iliyoungwa moja kwa moja, inayozunguka tangu unapowasha bila kujali joto. Ni ndugu wa kosa hilohilo. Kuna sensa au rilei iliyokufa, na mtu aliona rahisi kukata waya kuliko kuitafuta.

Tambarare na mlima

Dalali alitaka twende barabara ya Makongoro mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Barabara nzuri, ila karibu yote ni tambarare, na ukiwa kwenye mwendo upepo wa mbele unafanya kazi ya feni. Kila muuzaji anaipenda. Sisi tukasema Bugando, watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, gia ndogo, mpaka juu kwenye hospitali. Halafu tusimame juu, injini inanguruma bila kukanyagwa, dakika kumi na tano juani. Mji wa mawe kama Mwanza una faida yake: milima ya kupimia gari iko katikati ya mji.

Ya mzee ilipanda vizuri robo tatu ya mlima, kisha mshale ukaanza kutembea. Ulipita katikati, ukasogea karibu na nyekundu, nikazima kiyoyozi, tukasimama pembeni. Mvuke ukatoka kwenye mfuniko ule uliopasuka. Mzee alikuwa amekaa nyuma, akasema polepole, "Hiyo ndiyo tabia yake ya mlimani, na ndiyo sababu nauza." Tulipoiacha inanguruma, mshale ukarudi taratibu. Mjini kwenye foleni ya Igogo haikuwahi kusumbua.

Mpangilio huo unasema mengi. Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikikimbia, angalia feni. Inayotulia ikisimama na kuchemsha kwenye mlima au mwendo mrefu, maji hayapiti ya kutosha: rejeta au pampu. Baada ya kupoa kiasi cha kugusika, nilipapasa uso wa rejeta kwa kiganja. Sehemu ya juu ilikuwa ya moto, katikati kuna kipande kizima cha baridi. Vijibomba vya pale vimeziba na kutu. Na kwa nje, mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, yalikuwa yamefunikwa na kitu kama matope makavu ya kijivu. Wakazi wa Nyegezi wanajua: ni wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa mawingu kama moshi wa kuchoma majani, ukipita na gari wanabandikwa mbele wote. Miaka ya wadudu hao, wala hakuna aliyewahi kuwaosha.

Ya dalali ilipanda Bugando kama inateremka. Mshale katikati, haukutikisika. Shemeji akanipiga bega.

Ila fundi tuliyekwenda naye alikuwa amechomeka mashine ya kusomea gari, na namba kwenye mashine zilikuwa na hadithi nyingine: 91 chini, 103 juu, ikashuka 94, ikapanda tena 102, huku mshale ukiwa umelala palepale. Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yameundwa hivyo. Mshale umepangwa kukaa katikati kwa nafasi pana ya joto ili dereva asisumbuke na kila nyuzi tano, na ukianza kusogea ujue mambo yameshakwenda mbali. Passo na Vitz nyingi hazina hata mshale, kuna taa ya bluu ya baridi na taa nyekundu ya msiba. Kwa gari za namna hiyo mashine si anasa. Angalia tu kwamba vile vifaa vidogo vya bei ya chini vya kuunganisha na simu havisomi kila gari ya Kijapani ya zamani. Nenda na fundi mwenye mashine inayoielewa. SR40 ya mzee haikuweza kusomwa hivyo kabisa, tulitegemea mshale na mikono.

Nyuzi 103 zenyewe hazihukumu mtu. Zikijumlishwa na hosi ngumu ya asubuhi, zinaanza kuzungumza.

Nyuma ya injini, mahali pasipooshwa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nililala chini na tochi, nikaangalia nyuma ya injini ya AZR60, upande wa ukuta wa kabini, pale hedi inapokutana na bloku. Sehemu yote ya mbele ilikuwa imeoshwa kwa presha. Huko nyuma presha haikufika. Kulikuwa na mstari wa ukoko wa waridi umekauka, umetelemka kwenye bloku.

Familia hii ya injini za AZ za miaka ya mwanzo ya 2000 ina udhaifu unaojulikana: bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi za boliti za hedi, hasa za nyuma, hung'oka kwenye bloku. Boliti ikishapoteza mshiko, hedi inainuka kiasi cha kupitisha maji. Hapo kubadilisha gasketi peke yake ni kuchoma pesa, maana boliti mpya itakazwa kwenye shimo lilelile lisilo na nyuzi. Inabidi mashimo yachongwe upya na kuwekewa nyuzi za chuma, kazi ya fundi mwenye vifaa na mkono ulionyooka. Ziko AZR60 nyingi nzima barabarani, sisemi zote zina ugonjwa. Nasema ukienda kuitazama, tochi yako ianzie nyuma.

Kipimo cha kumaliza ubishi kipo. Ni kichupa chenye maji ya bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta injini ikiwa inanguruma. Gesi ya silinda ikiwemo kwenye maji, bluu inageuka kijani kisha njano. Mzee aliruhusu, bluu ikabaki bluu kwa dakika tano nzima. Dalali akasema, "Kaka, hapa gari haifunguliwifunguliwi." Kwa hiyo siwezi kukuambia kwa kiapo kwamba gasketi yake imekufa. Nilimwambia tu kile nilichoshika na kukiona. Hapohapo, kwa pumzi moja, bei ikashuka kutoka milioni 16 hadi 14.

Shemeji aliyumba hapo. Milioni 14 kwa umbo jipya! Nikamuuliza: mtu mwenye gari nzima anakosaje kubishana hata dakika moja kabla ya kutupa milioni mbili?

Tulivyopiga hesabu

Kwa mzee tulijua cha kununua kabla hatujalipa: rejeta, mfuniko, themostati, hosi mbili, kulanti. Tukaongeza pampu ya maji na mkanda wa taimingi, kwa kuwa kwenye 3S-FE pampu inazungushwa na mkanda huo, na ukishafungua huko ni ujinga kurudisha cha zamani. Tukamwonyesha orodha, akatupunguzia milioni moja na laki mbili. Spea na ufundi vilikula laki tisa na ushee. Bloku tuliisafisha kwa maji mara nne mpaka yakatoka meupe, la sivyo kutu ile ingeingia kwenye rejeta mpya ndani ya mwezi.

Kwa dalali hakuna orodha ya namna hiyo. Kuna kushusha hedi, kisha kusubiri fundi akupigie simu.

Ingekuwaje kama AZR60 ingepita vipimo vyote? Ningemwambia aichukue. Ndani ni pana, inatulia barabarani, milango na viti bado vina adabu, na mteja wa kukodi anaangalia umbo. Ingekuwaje kama ya mzee ingegeuza bluu kuwa njano? Tungemshukuru kwa chai. Kuhusu Noah za dizeli zenye injini ya 3C-T, ambazo shemeji alizitaja kwa sababu ya ulaji mdogo wa mafuta, sina maneno mengi: hedi zake hupasuka zikipata joto, na mwenye gari hatakumbuka kukuambia kwamba iliwahi kupata. Bila kipimo cha maji ya bluu kilichotengenezwa kwa dizeli na historia ya kweli, pita.

Fundi wa kukagua awe wako, umlipe wewe, hata usiponunua. Yule anayependekezwa na muuzaji, "yuko hapa jirani, mwaminifu sana", mpe salamu zangu.

Baada ya miezi miwili

Gari inakwenda Sengerema na kurudi, mara nyingine mara mbili kwa siku, na mshale unapanda mpaka katikati ndani ya dakika sita au saba na kukaa hapo. Bugando inapanda ikiwa na kiyoyozi. Kila Jumapili shemeji anaosha rejeta kwa maji ya mpira ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele ili wadudu watoke walikoingilia, wala si kwa presha inayolaza mapezi. Ulaji wa mafuta umepungua pia kuliko wiki ile ya kwanza tulipoendesha bila themostati.

Kimebaki kitu kimoja. Fundi wa zamani alizikata hosi za hita na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe, kwa hoja ileile ya nchi ya joto. Shemeji haoni haja ya kuzirudisha. Mimi naona, kwa sababu siku rejeta itakapozidiwa mlimani na watu saba ndani, hita ikifunguliwa mwisho pamoja na feni yake ni rejeta ndogo ya pili inayoweza kukufikisha pa kuegesha salama. Ameniambia tutazungumza akipata mteja wa Geita.